Ua Lililokataa Mvua za Kawetele

Mdogo wangu alirudi nyumbani Kawetele akiwa na begi moja la nguo na kitu kilichofungwa kwenye kanga, amekipakata kama mtu aliyebeba mtoto. Mama alidhani ni kuku. Tulipokifungua jikoni tukakuta kisiki cha mmea, kinene chini kama mguu uliovimba, chembamba juu, hakina hata jani moja. Gome lake lilikuwa la kijivu, na mchanga mwekundu ulikuwa bado umeshika kwenye mizizi.

"Ni ua," mdogo wangu alisema. "Nataka tulipande."

Alikuwa ameolewa mbali, kijiji kimoja upande wa Dodoma, na kijana aliyekuja Tukuyu kuuza mitumba miaka ile biashara ilipofunguliwa na kila mwenye miguu akawa mfanyabiashara. Yule kijana alikuwa mcheshi, hodari wa kutandaza mashati chini na kuyaita kwa sauti mpaka wazee wakacheka. Alipokuja kuposa, mama alilalamika kuhusu umbali tu. Sasa alikuwa amekufa, baada ya kuugua muda mrefu. Ndugu zake waligawana vitu vyake, na mdogo wangu akaambiwa arudi kwao. Na yeye mwenyewe alikuwa amekonda hivi kwamba nilipomkumbatia nilihisi mbavu zake kupitia sweta. Ugonjwa wenyewe hakuna aliyeutaja. Miaka ile watu walisema tu, "Anaumwa," wakatazama pembeni.

Kesho yake, mdogo wangu akiwa bado amelala, mama alichukua kile kisiki akakipanda. Alifanya kama anavyofanya kwa kila mche anaoupenda: shimo refu karibu na migomba, samadi ya ng'ombe, majivu kidogo, na ndoo ya maji juu yake, ingawa mvua ilikuwa ikinyesha. Kwetu mvua hainyeshi kwa msimu. Inapumzika kidogo, basi. Alifikiri anamfurahisha mgonjwa wake.

Mdogo wangu alipoamka na kuona, alitoka nje bila viatu.

"Mama, kule halimwagiliwi! Litaoza!"

"Mmea gani usiotaka maji?" mama aliuliza, na hakuwa anabishana. Hakuwa amewahi kuona mmea wa namna hiyo.

Tulichelewa kumwamini. Mama alimbembeleza asubiri kidogo, samadi ifanye kazi, naye hakuwa na nguvu za kuchimba mwenyewe. Wiki chache baadaye kisiki kikawa laini upande mmoja, na ukikibonyeza kinatoa maji yenye harufu mbaya. Tukakifukua. Mdogo wangu alikaa kwenye kigoda mlangoni akanielekeza: kata pote palipooza, mpaka uone nyama nyeupe, usiache hata doa. Nikakata zaidi ya nusu. Kilichobaki tulikiweka juu ya dari ya jikoni, pale tunapokausha mahindi ya mbegu, kipate joto na moshi mpaka kidonda kifunge.

Wakati kinakauka nilianza kuulizia jina lake. Mdogo wangu alilijua kwa lugha ya wakwe zake tu, na alipolitamka alicheka, akasema hata huko walikuwa wakimcheka kwa jinsi anavyolisema. Bwana shamba wa kata alikigeuza kisiki mkononi, akasema huenda ni mbuyu mchanga, kisha akasema huenda si mbuyu. Mwisho nilikata tawi dogo, nikalifunga kwenye gazeti, nikaenda nalo sokoni Tukuyu kwa Mwislamu mmoja aliyekuwa akiuza vitenge na sufuria. Nilijua amekulia nchi kame kabla ya kuhamia kwetu.

Hakusita. Alivunja ncha ya tawi, akaangalia utomvu ukitoka, akauliza, "Shina lake limevimba chini, kama chupa?"

"Ndiyo."

"Na linatoa maua wakati wa kiangazi, majani yote yameshapukutika?"

Sikujua. Nilimwambia hatujaliona likichanua.

"Basi ni lenyewe. Watu wa mjini wanaliita waridi la jangwani. Maua yake mekundu yanayopauka kuelekea katikati. Linaota kwenye mawe, mahali ambapo hata mbuzi hakai." Kisha akafuta vidole vyake kwenye kitambaa, akavifuta tena. "Ila dada yangu, nawa mikono. Zamani wawindaji walichemsha utomvu wake wakapaka mishale. Kama kuna watoto nyumbani, kaeni macho."

Nilirudi na habari hiyo, na kwa vile wanangu walikuwa wadogo, nilimwambia mama. Uso wake ulibadilika. Nilipokwenda kuchota maji alipanda kwenye dari, akakichukua kile kisiki, akakitupa korongoni nyuma ya migomba. Wala hakukifanya siri. Mdogo wangu alipouliza, alimjibu kwa upole kabisa.

"Nimekitupa, mwanangu. Ni sumu. Nyumba hii imeshapata taabu ya kutosha."

Mdogo wangu hakupiga kelele. Alikaa chini palepale alipokuwa amesimama, akiegemea ukuta, na akaanza kusema akitazama sakafu.

"Lilikuwa kwenye kaburi la mwanangu."

Hatukujua kwamba alikuwa amepata mtoto. Hatukuwa tumesikia lolote, si mimba, si kuzaliwa, si kufa. Alituambia kwamba mtoto alikuwa akiugua homa tangu azaliwe, akafa kabla ya baba yake. Walimzika kando ya kiwanja chao, mahali penye mawe, na ua lile lilikuwa limeota hapo lenyewe tangu zamani. Kila alipokwenda kaburini alikuta kila kitu kimekauka isipokuwa maua yale. Siku alipofukuzwa aliomba aruhusiwe kumchukua mtoto aje amzike kwetu. Walimwona amechanganyikiwa. Basi alichimba ua.

"Sikuwa na kitu kingine cha kuleta," alisema.

Mama alitoka nje. Mvua ilikuwa kubwa, ile inayofuta Mlima Rungwe usiuone kabisa. Nilimfuata mpaka ukingoni mwa korongo nikamwona akishuka kwa kukaa, akishika mizizi ya miti, gauni lake limejaa tope. Nilimwita arudi, nitashuka mimi. Hakugeuka. Alipofika juu alikuwa ameshika kisiki kwa mikono miwili, kimechubuka lakini hakijavunjika. Aliingia ndani akakiweka miguuni kwa mdogo wangu, akapiga magoti mbele yake, mama mzima mbele ya mwanawe, akasema, "Ndaga. Ndaga, mwanangu." Ni neno letu la kumpa mtu pole, na ndilo hilo hilo la kumshukuru.

Baada ya hapo mama alikuwa mwanafunzi. Mdogo wangu alimfundisha kila kitu kutoka kitandani. Ua halitaki udongo wetu mweusi unaoshika maji, linataka mawe. Mama akakumbuka vile vijiwe vyepesi vya volkano vinavyochimbwa kando ya barabara, vinavyoelea ukivitia kwenye ndoo. Tulijaza beseni kuukuu lililotoboka, tukachanganya na mchanga wa mtoni, tukakisimamisha kisiki juu juu bila kukizika, na kulizungushia beseni miiba ili watoto wasifike. Tuliliweka chini ya upenu upande wa mashariki, mahali ambapo mvua haifiki na jua la asubuhi, likitoka, linafika. Maji alipewa kidogo kwa kikombe, na pale tu mama alipochomeka kidole akakuta pakavu mpaka chini. Nasema "alipewa" kwa sababu ndivyo tulivyoanza kusema. Hakuna aliyekuwa akiliita tena kitu.

Lilitoa majani. Madogo, ya mviringo, yamejikusanya kwenye ncha. Mdogo wangu aliomba tumtoe nje kwenye mkeka, akakaa karibu na beseni asubuhi nzima akiyatazama.

"Dada, kumbe linaweza kuishi hapa," aliniambia.

"Litachanua pia."

"Halitachanua. Hapa ni baridi, mawingu mengi. Lakini si kitu. Mimi nimeshaliona."

Alilazwa hospitali ya misheni Igogwe, akarudi, akalazwa tena. Huko masista walimtunza vizuri, na alikufa mchana, mama akiwa amemshika mkono, mimi nikiwa nimetoka kufuata maji ya moto. Tulimzika nyumbani, kwenye migomba. Watu walitaka kupanda maua juu ya kaburi kama ilivyo desturi, na mwanamke mmoja, kwa nia njema, alipendekeza lile la kwenye beseni. Mama alikataa. Alisema mvua italiua, na hataki kumzika yule mtoto mara ya pili.

Halikuchanua. Mwaka baada ya mwaka lilitoa majani, likayaangusha wakati wa baridi, likatoa mengine. Shina lilinenepa mpaka beseni likapasuka tukalihamishia kwenye jingine. Mama alilichunguza kila asubuhi akitafuta vitumba, na nilikuwa nimeshachoka kumweleza habari za jua na mawingu. Mwisho aliniambia, "Nipeleke nikalione kwao."

Mama hakuwa amewahi kuvuka Mbeya. Tulipanda basi mpaka Iringa, tukalala, kesho yake tukaendelea kwa barabara ya vumbi inayopita Mtera. Ulikuwa mwezi wa tisa. Kadiri nchi ilivyozidi kukauka ndivyo alivyozidi kusogea dirishani. Kisha kwenye mteremko wa mawe tuliyaona, visiki vinene vya kijivu kama cha kwetu, havina jani hata moja, na juu yake maua mekundu yamejaa kama mtu ameyafunga kwa mkono. Yalikuwa mengi, kilima kizima. Hakuna abiria mwingine aliyegeuza kichwa.

"Masuli," mama alisema kwa Kiswahili chake, yaani mazuri. Alianza kulia, na alilia mpaka tukashuka.

Mama mkwe wa mdogo wangu alikuwa bado hai, mzee, macho yamefifia. Alitupokea kwa heshima, akatupa maji, na hakujitetea. Mama alipomwomba atuonyeshe kaburi la mtoto alichukua fimbo yake akatangulia.

Tulisikia mashine kabla ya kuiona. Kiwanja kilikuwa kimepata mtu mwingine, naye amejenga mashine ya kusaga. Wanawake walikuwa kwenye foleni na ndoo zao za uwele. Yule mzee alisimama kwenye ukuta wa nyuma, akagusa chini kwa fimbo.

"Ni hapa. Hawakujua kuna kaburi. Sisi tulijua, tukanyamaza."

Mama alipiga magoti kwenye pumba, akaweka viganja viwili ukutani. Ukuta ulikuwa ukitetemeka kwa mashine, na mikono yake ikatetemeka nao. Sijui nani alimwambia mwenye mashine, au labda alituona tu kupitia dirishani. Aliizima. Pakawa kimya ghafla, na wale wanawake wakatua ndoo zao chini, wasiulize.

Katika ukimya ule mama alimgeukia bibi mwenzake. "Mjukuu wetu," alisema, "alikuwa wa kike au wa kiume?"

Nilishtuka. Miaka yote ile hatukuwa tunajua. Mdogo wangu alisema "mwanangu" na sisi tukasema "mtoto", na lugha yetu haikutulazimisha kuuliza, na baadaye hapakuwa na wa kumwuliza.

"Wa kike," yule mzee alijibu. "Alikuwa anaanza kusimama. Alishika ukingo wa kinu, akacheka, akaanguka, akasimama tena."

Mama aliitikia kwa kichwa polepole, kama anayepokea kitu kizito. Kisha aliomba tumwinue, akajipangusa pumba magotini, akaenda dirishani kumwambia mwenye mashine aendelee na kazi, watu wanasubiri unga.