Viatu Vyeusi Mbele ya Leso

Nyumbani kwetu Mutuini mtu alikuwa na hali mbili tu: ama yuko sawa, ama amechoka. Baba alipofutwa kazi, alikuwa amechoka. Mama alipomzika dada yake akakaa kimya siku nyingi, tuliambiwa tusimsumbue, amechoka. Hasira, wivu, upweke, yote tuliyatia kwenye gunia hilo moja.

Kwa hiyo nilipochumbiwa, na tumbo likawa linanikaza kila mchumba wangu akipiga simu, sikuufikiria moyo hata kidogo. Niliingia duka la dawa karibu na ofisi yetu mjini nikanunua dawa ya vidonda vya tumbo. Niliinywa kwa uaminifu mkubwa, chupa baada ya chupa, na tumbo halikujali. Mchumba mwenyewe hakuwa na kosa la kushikika. Mpole, ana kazi, kanisani haendi kwa kusukumwa. Ningemwambia Mama simtaki kwa sababu gani?

Siku ya ruracio, sherehe ya kutoa mahari, wazee walipokwisha kukubaliana, mimi na binamu zangu tulipangwa mstari uani tukafunikwa leso kichwani hadi miguuni, ili bwana amtambue wake. Akikosea anatozwa faini, na watu wanapata cha kucheka.

Ndani ya leso kulikuwa na joto na harufu ya kitambaa kipya. Sikuona kitu ila nyasi na viatu vya watu. Vyake nilivijua, vyeusi, vimepigwa rangi vikang'aa. Vikaja vikasimama mbele yangu. Nikabana pumzi. Kisha vikanipita, na uwanja mzima ukaangua kicheko: alikuwa amemshika binamu yangu.

Nilifurahi. Sitafuti neno la adabu, nilifurahi kweli. Na furaha hiyo ndiyo iliyoniumbua, maana nani hufurahi hivyo mchumba wake akimpita? Nilikuwa naogopa. Kumbe muda wote ule ulikuwa woga. Niliiogopa ile nyumba ya mtaa wa Jamhuri ambayo mama ya mchumba wangu alikuwa ameshaichagulia mapazia, na miaka yote iliyokuwa ikinisubiri humo.

Akatozwa mbuzi, akarudi, safari hii akanifunua mimi. Vigelegele vikapaa. Mama akaja kunipangusa uso huku akiwaambia wageni, "Si mnaona, ni machozi ya furaha."

"Mum, naogopa," nikamnong'oneza. "Naogopa sana. Sitaki."

Mkono wake ukasimama shavuni mwangu. Hakushangaa, na hilo ndilo lililonitisha zaidi.

"Hata mimi niliogopa hivyo hivyo," akasema kwa sauti ya chini. "Na hakuna mtu aliniuliza."

Kisha akanishika kiwiko, akawatabasamia wageni, akanipeleka kwa mchumba wangu.