Magadi Kwenye Sufuria ya Mama

Daktari alituambia mama apunguziwe chumvi. Mimi nikafanya zaidi ya alichosema: nilimwaga kopo zima. Jambo nikilishika nalishika kwa pupa, na presha ya mama ilikuwa imenitia hofu. Moyo wake ulikuwa umechoka, miguu imevimba hata viatu havimwingii, ndipo nikamtoa kwake Kajiado na kumleta kwangu Kitengela nimwangalie mwenyewe. Mume wangu aliuliza kama na yeye ni mgonjwa. Nikamwambia akitaka chumvi akale hotelini. Akaenda kweli, siku tatu mfululizo, msaliti yule.

Mama hakuwa na pa kwenda. Alikula nilichompa. Meno yalikuwa yamembakia machache, kwa hivyo nilimpikia maharagwe laini, na hapo ndipo nilipokosea. Maji ya visima vya huku hayaivishi maharagwe, hata ushinde jikoni kutwa. Kila mwanamke anajua dawa yake: unatia magadi kijiko kimoja, yanalainika. Mama ndiye aliyenifundisha. Magadi yanatoka ziwani, huku huku kwetu, nasi tumeyazoea tangu utotoni. Hakuna aliyewahi kuyahesabu kuwa chumvi. Na kwa kuwa mama alikuwa mgonjwa, nilitia vijiko viwili.

Uvimbe haukupungua. Nikamshuku mama mwenyewe. Nilipekua mkoba wake nikakuta chumvi kidogo imefungwa kwenye karatasi ya daftari. Nilimgombeza mama yangu mzazi mbele ya wajukuu wake, na yeye akanisikiliza mpaka nikamaliza.

"Ata ng'ombe za babako tulikuwa tunazipelekea chumvi," akasema. "Na mimi unaninyima."

Nilimjibu kwamba simnyimi, namtunza. Kile kikaratasi nikakitupa.

Mwezi uliofuata pumzi ikamwia nzito, akalazwa. Mtaalamu wa lishe pale hospitalini, msichana mpole, aliniuliza tunavyopika, hatua kwa hatua. Nilijibu kwa majivuno kwamba kwangu chumvi haivuki mlango. Nilipofika kwenye magadi akaacha kuandika. Akanieleza kwamba sodiamu, ile inayopandisha presha kwenye chumvi, imejaa kwenye magadi pia. Maharagwe niyaloweke usiku kucha kwa maji matamu, yasiyo ya kisima, yataiva bila kitu. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mama alikuwa macho kitandani na alikuwa amesikia yote. Nilingoja anilaumu.

"Si basi ungeniachia tu ile yangu kidogo," akasema, akageukia ukuta.

Tuliporudi nyumbani magadi nayo nikayatoa. Uvimbe wa miguu ukaanza kupungua, nami nikajipa moyo. Lakini hamu ya kula ilikuwa imemtoka, na alikuwa anakonda mbele ya macho yangu. Jumapili moja nilimpelekea supu ya mbuzi, akaniomba niitie chumvi, japo ya kuonja tu. Yule msichana alikuwa ameniambia wazi kwamba tunapunguza, hatumalizi, na kwamba chembe ndani ya bakuli moja isingemdhuru. Nililijua hilo. Ila niliogopa kukosea mara ya pili, nikamwambia avumilie. Akanywa vijiko viwili, akalisukuma bakuli, akanishukuru kama alivyonishukuru kwa kila chakula nilichomwekea.

Jumanne asubuhi hakuamka.

Daktari aliniambia moyo ule usingefika mbali hata ningefanya nini, na kwamba nisijilaumu kwa ajili ya magadi. Ya magadi nimeshajisamehe, maana sikujua. Ya ile supu nilijua, na bado nikamnyima.