Nilishinda Kesi ya Kitambaa Chekundu

Kosa ni langu, na shetani simsingizii. Siku ile hata yeye angenikataza.

Tulipohamia Maskati kutoka Unguja baada ya mapinduzi, shangazi yangu alianza tena kupika halwa nyumbani kwake, mtaa wa Matrah. Aliiuza katika vikapu vya ukili, kila kimoja kimefungwa kitambaa chekundu, kama zamani. Kule Unguja yeye alipika uani, wanaume wa nje hawamwoni. Mimi nilikaa dukani nikifunga vitambaa na kuuza. Sura waliyoijua wateja ilikuwa yangu, basi kichwa kikanivimba.

Nikafungua duka langu sokoni, nikafunga kitambaa kilekile. Halwa yangu, jamani! Samli niliibania, na kukoroga nilichoka mapema. Watu walinunua wakidhani ni ya shangazi, kisha wakaenda kumlalamikia yeye.

Akanishitaki kwa kadhi. Nikapeleka mashahidi wawili, wazee wa Unguja. Wakaulizwa, kitambaa hiki mlimwona nani akikifunga?

"Huyu, wallahi. Tangu kijana."

Uongo hawakusema. Kadhi akaamua alama ni yangu, shangazi asiitumie tena. Sauti ya shangazi ikatoka nyuma ya pazia: "Haya mwanangu, kichukue. Mungu akupe na mkono wa kukorogea."

Nilitoka nikicheka. Shangazi akauza halwa yake katika vikapu bila kitambaa, na haukupita muda soko zima likajua: chenye chekundu, kiache. Kabla ya kesi nilijificha nyuma ya jina lake. Sasa nilikuwa nimejitangaza mwenyewe, na wateja wangu wakabaki nzi.

Nikaposa binti wa jirani niliyempenda kwa dhati. Baba yake akakubali kwa sharti moja.

"Halwa ya harusi isiwe ya kitambaa chekundu. Nna wageni wa heshima."

Nilikwenda kwa shangazi, ambako sikukanyaga tangu kesi. Nililia, wala sioni haya kusema. Alinisikiliza huku akikoroga, kisha akanijazia vikapu.

"Beba, mwanangu. Ila usinifungie kitu."

Nilioa. Duka nikalifunga.

Wewe unayetamani alama ya mwenzio, utamani kwanza mwiko wake wa kukorogea. Mimi sasa nakoroga uani kwa shangazi, na vikapu bado hajaniruhusu kuvigusa.