Mwenye Kumwitikia Anésie

Tarehe 9 Mei 1996, katika zahanati ya kambi ya Mtabila, mkoani Kigoma, mtoto wa wakimbizi wa Burundi aliandikishwa kwa jina la Anésie. Shangazi yake, Ineza, alimpokea kwa akazehe, salamu ya kuimbwa ya wanawake wa kwao: mmoja hutoa maneno, mwenzake humwitikia. Asiyeitikiwa haendelei. Kwa kuwa kichanga hakijui kuitikia, Ineza alijiitikia mwenyewe kwa niaba yake.

Miaka ishirini na mitano baadaye, wote wawili wakiwa wamehamia Australia na korona ikiwa imeifunga Sydney, Anésie alihudumia wazee katika makao fulani ya Liverpool, kitongoji cha jiji hilo. Alasiri, jua la Agosti likiwa limejilaza juu ya mablanketi, wazee walisinzia wakiita watu waliokwisha kufa. Anésie aliwaitikia wote. Alikuwa dada wa huyu, mke wa yule, na mara nyingine hakujua ndoto ilikuwa ya nani. Kisha aliandika mistari kwenye makasha matupu ya glovu. Hakuna hata mmoja uliokuwa umechapishwa.

Jumamosi tarehe 14 Agosti 2021 alipata nafasi. Wilkister, Mkenya wa mtaa wa Parramatta, aliendesha usomaji wa mashairi kwa Zoom: washairi wanane, dakika tano kila mmoja, mashairi ya watatu bora yaingie katika kitabu. Anayepitisha muda ametoka mashindanoni. Maiki za wasikilizaji zilifungwa.

Shairi lake, la mtindo wa akazehe, lilimhusu Ineza, aliyekuwa akisikiliza kutoka kwake Campbelltown, pembezoni mwa jiji. Kwa wiki saba hawakuwa wameonana, maana kutembeleana kulikatazwa. Anésie alisoma mistari minne, akanyamaza.

"Anésie, unatuskia?" Wilkister aliuliza. "Ama ni net?"

"Nawasikia, dada. Nangoja."

"Unangoja nini na saa inakimbia?"

"Mwenye kuitikia."

"Hapa tunasoma tu, mrembo. Maliza, uko na dakika mbili."

Angeweza kumaliza. Mistari iliyobaki ilitosha dakika moja na nusu, na kitabu kilikuwa pale pale, karibu kama glasi ya maji. Anésie alitazama kisanduku cheusi chenye jina la Ineza.

"Mfungulie shangazi yangu, tafadhali."

Wilkister aliguna, akafungua.

"Kumbe mulinifunga mudomo!" sauti ya Ineza ikalipuka. "Naitikia hapa mpaka koo inakauka! We mtoto, rudia kwanza."

Akarudia. Mwitikio wa Ineza ulichelewa njiani, ukaangukia mstari uliofuata. Anésie akavuta maneno, akayapunguzia mwendo, hadi sauti mbili zikakutana, kama watu wanaoitana kutoka vilima viwili wakati bonde limejaa ukungu. Nje barabara ilikuwa tupu. Ilimjia harufu ya moshi wa kuni, na katika jengo alimoishi hakuna aliyepikia kuni.

Alimaliza kwa dakika nane na nusu.

"Umetoka, unajua?" Wilkister alisema, sauti yake imeshuka.

"Najua, dada."

Kitabu kitatoka Novemba bila jina lake. Lakini Jumamosi ya kwanza ya Septemba, kwa mwaliko wa Wilkister, atafungua usomaji ujao kwa shairi lile lile, nje ya mashindano, na maiki ya Campbelltown itaachwa wazi.