Kasha la Katikati ya Boti

Shemeji yangu Aristide hakuingia popote na mchanga miguuni. Nyumbani kwake, nyumbani kwangu, kanisani, hata dukani kwa mtu wa kuuza betri za tochi, alisimama kwanza kwenye kizingiti, akaomba maji kidogo, akainua mguu mmoja na kuumwagia, kisha wa pili. Wageni walidhani ni dini. Ilikuwa boti. Punje za mchanga zikiingia kati ya ubao na ubao huila polepole ile pamba iliyolowekwa mawese inayoziba nyufa, na chombo huanza kuvuja bila mwenyewe kujua kosa limeanzia wapi. Dada yangu Alphonsine, mke wake, alimwekea bidoni ndogo ya njano ya maji kando ya mlango, na sikuwahi kuikuta tupu.

“Lakini nyumba yangu ina sakafu ya sima, haina mbao,” nilimwambia siku moja.

“Ina sima, shemeji. Miguu haijui.”

Hakuzaliwa ziwani. Baba yake alikuwa mtu wa Ankoro aliyeletwa Kalemie na kazi ya reli, na Aristide alikua akisikia treni kuliko mawimbi. Treni zilipopungua akajiunga na wavuvi wa ndagala, dagaa wa ziwa letu, akachota maji ya boti za watu miaka mingi, hadi akapata yake, kuukuu, mbao zake zimeshakuwa nyeusi. Aliipa jina Tusiulizane. Ilikuwa wazi toka mbele hadi nyuma kama boti zote za kuvulia. Mbele waliweka nyavu, nyuma alikaa mwenye mota, na katikati, pale chini ambapo maji hujikusanya, palikuwa mahali pa mtu wa kopo, anayechota na kumwaga nje safari nzima. Samaki walilala miguuni pa watu, wakipigwa na jua na mvua.

Alphonsine alipougua, hayo yote yakabadilika.

Ulikuwa ugonjwa wa tumbo. Hospitali walifanya walichoweza, kisha wakatuambia tumrudishe nyumbani apumzike, na tulielewa maana yake. Yeye pia alielewa. Hakulia. Alianza tu kumuulizia Mama. Asubuhi nilipofika kumwosha kabla ya kwenda shuleni kufundisha, aliuliza hali ya ziwa kwanza, halafu habari za Mama.

Mama yetu alikuwa Zongwe, kwenye nyumba yake ya matofali mabichi, mbali nasi mwendo wa siku nzima ya boti. Kusafiri kwa boti za abiria alishakataa. Aliwahi kuona moja ikipinduka mbele ya kijiji, imejaa magunia na watu, na toka siku ile alisema neno moja tu: “Sitapanda boti ya muntu nisiyemujua.” Mtu aliyemjua mwenye boti alikuwa mmoja, mkwe wake. Na kwa mkwe wake ndiko hakuweza kupanda.

Vijana wa leo hawayashiki sana haya, lakini Mama na Aristide walikuwa wameyashika toka siku ya mahari. Mwanamume hamtazami usoni mama wa mke wake. Hali chakula mbele yake, hampi kitu mkono kwa mkono, hasemi naye moja kwa moja, na hawakai chini ya paa moja pasipo ukuta kati yao. Akikosea, hata kwa bahati mbaya, analipa kuku. Mama alipotutembelea zamani, Aristide alihamia kwa jirani. Nilikuwa nawacheka. Sasa dada yangu alikuwa kitandani, na kati ya Zongwe na Kalemie palikuwa na boti moja isiyo na ukuta hata wa kiganja.

Aristide hakujadili na mtu. Aliivuta Tusiulizane kwenye mchanga, karibu na pale mto Lukuga unapoanza kutoka ziwani, akamwita Glody, seremala wa boti. Nilipita huko nikitoka shuleni, nikawakuta wamepinda fito ndefu juu ya nusu ya mbele, Glody akifunga turubai la buluu, lile tunaloliita bashi. Ndani yake walitengeneza benchi pana la kulala mtu mzima. Katikati ya boti, ubavu hadi ubavu, lilikuwa limesimama kasha la mbao, urefu wake kifuani kwangu.

“Karibu, Mama mwalimu,” Glody alisema. “Hii si boti tena, njo parokia. Masista watalala huku mbele, mapadri kule nyuma.”

“Piga misumari,” Aristide alisema.

“Na samaki, hii mikebuka, nayo tuilaze kwa nani?”

“Katikati. Yenyewe njo ukuta.”

Alinionyesha. Kasha lilikuwa na kifuniko, na ndani alikuwa amebandika frigoliti, ile nyeupe nyepesi inayofungiwa televisheni. Samaki wangekaa na barafu mpaka sokoni, siku zile umeme unaotoka Bendera unapotaka kutupa barafu. Alinieleza habari za samaki kwa muda mrefu. Habari za ukuta hakuzieleza. Lakini nilimwona akitoka, akienda kukaa penye mota, akiinama kutazama chini ya kasha, kisha akarudi na kumwambia Glody pale chini pana mwanga.

“Ni nafasi ya kidole tu, muzee.”

“Ukiona mwanga, muntu ataona mguu. Ziba.”

“Mukwe yako atakaa akitafuta mguu yako safari nzima? Mguu yenyewe ina nini?”

“Ziba, Glody.”

Glody akaziba. Aligonga ubao wa mwisho hadi chini kabisa, akajaza pamba na mawese pande zote mbili, kwa ustadi, akicheka. Wote wawili walikuwa wameishi na boti miaka mingi, na hakuna aliyekumbuka mtu wa kopo angekaa wapi. Walikuwa wanafikiri adabu. Mimi nilikaa juu ya jiwe nikiwatazama, nikawaza jinsi tunavyowaheshimu watu kwa kukaa mbali nao, na kazi kubwa inayotakiwa ili umbali huo upatikane ndani ya boti ndogo.

Aliondoka na mwenzake wa kuvua, Ignace. Yaliyotokea nimeyasikia mara nyingi, kwa Mama na kwa Aristide, kila mmoja peke yake, kwa kuwa hawakuweza kukaa pamoja na kuyasimulia.

Walifika Zongwe salama. Aristide alinunua mikebuka, akajaza kasha. Siku ya kurudi, Ignace akapata habari kwamba mjomba wake amefariki palepale kijijini, akabaki kwenye kilio. Aristide alitaka kumngoja. Alipopanda mlimani kunipigia simu, nilimwambia ukweli: Alphonsine hajala toka jana, na amemuulizia Mama tena. Aliuliza kama amekunywa maji. Halafu akasema, “Tunakuja.”

Wanawake wa kijiji wakampandisha Mama mbele, chini ya bashi, pamoja na unga wake wa muhogo na sufuria. Aristide alisimama ndani ya maji akitazama milima mpaka alipoambiwa amekwisha kukaa. Akapanda nyuma. Wakaondoka wawili tu, na kasha kati yao.

Mvua iliwakuta mahali pasipo na kijiji, mawe tupu pwani. Paa lilifanya kazi yake. Mama anasema hata tone halikumgusa kichwani. Lakini mawimbi yaliingia kwa mbele, na maji yale yalipotaka kwenda katikati yalikuta ubao wa Glody, pamba na mawese. Yakabaki miguuni pa Mama. Nyuma kwa Aristide palikuwa na maji ya mvua tu, kidogo. Alichoona yeye ni pua ya boti tu, ikiinama kila wimbi zaidi ya wimbi lililopita.

Ndipo Mama akasema. Si kwa mkwe wake. Alisema na kasha.

“Wewe kasha, ambia mwenye boti maji imenifika mu kifundo.”

Aristide akajibu, “Kasha, ambia Mama achote na sufuria. Aanze sasa.”

“Kasha, ambia mwenye boti kwamba Mama alianza zamani. Asifikiri muntu mukubwa hajui sufuria.”

Mama alichota. Alikuwa na zaidi ya miaka sabini na mikono yake ilikuwa ya kulima, si ya kuchota. Baada ya muda maji yalifika nusu ya muundi, na kasha likaacha kuambiwa chochote. Aristide alisema ukimya ule ndio uliomtisha. Kuiacha mota apande juu ya kasha hakuweza. Boti ingegeuza ubavu kwa wimbi, na ingekwisha. Njia ilikuwa kuyaacha maji yapite chini yaje kwake. Akafunga mpini wa mota kwa kamba, ncha akaizungushia mguuni aweze kuuvuta, akachukua shoka, akalala kifudifudi, akaanza kuvunja kile alichokuwa ameamuru kizibwe.

Ubao wa upande wake ulitoka upesi. Akavuta barafu na mikebuka kwa mikono, akaitupa nyuma yake. Ubao wa pili ulikuwa wa upande wa Mama.

“Kasha, ambia Mama ainue miguu juu ya benchi. Shoka inakuja.”

Mama akajibu kwa sauti ndogo, lakini akajibu. “Muambie anayebisha hodi kwamba wenyewe tupo.”

Maji yaliingia kwake kwa kishindo, frigoliti ikielea juu. Pua ya boti ikainuka. Alichota kwa kopo mkono mmoja, mwingine kwenye mota, hadi mvua ilipopita, na wakaendelea hivyo, boti moja tena. Kupitia lile tundu Mama aliweza kuuona mguu wake, naye aliweza kuuona mkono wa Mama ulioshika sufuria. Nilimuuliza Mama kama alitazama. Alisema aliona maji tu. Nilimuuliza Aristide, akaniomba chumvi.

Niliwapokea mchangani. Mama alikuwa mkavu kichwani, amelowa hadi magoti, na neno lake la kwanza halikuwa la salamu.

“Kuku wangu iko wapi? Huyu muntu amenionyesha mguu.”

Aristide alikuwa amekwisha kugeuka kutazama ziwa. Niliona mabega yake yakitikisika, na sikujua kama ni baridi au ni kicheko. Kesho yake kuku mwekundu alikuwa amefungwa kwenye mlango wa chumba cha Mama. Mama hakumchinja. Alimfuga.

Alphonsine aliishi msimu mzima wa mvua. Mama alilala kwenye mkeka kando ya kitanda chake, Aristide alilala kwa jirani, na mchana alikaa nje chini ya dirisha la mke wake, mgongo ukutani, wakasemezana hivyo, Mama akiwa ndani amegeukia upande mwingine. Dada yangu aliomba hadithi ya kasha karibu kila siku. Mama alisimulia kwa ndani nusu yake, na ikifika mahali pa shoka alinyamaza, na Aristide, nje, akaendelea na nusu nyingine, kana kwamba hakujua nani ameianza. Alphonsine alicheka huku ameshika tumbo. Alifariki mwisho wa mvua, asubuhi, tukiwa wote mahali petu, sisi ndani na Aristide nje.

Matanga yalipokwisha, wazee wa ukoo walimwita Aristide wakamwambia amefunguliwa. Aliyewaweka mbali ameondoka. Sasa anaweza kumsalimu yule mama kwa mkono kama mtu mwingine. Aliwashukuru. Glody naye, kwa wema wake, akaja na nyundo.

“Sasa kasha tulitoe, muzee, boti ipumue. Unavua na mulango wa kanisa katikati.”

“Liache,” Aristide alisema. “Nitengenezee vizuri ile tundu ya shoka pale chini, ya kupitisha maji. Uweke kipande cha mpira mbele yake, kifunike.”

Glody alinitazama. Akalisawazisha tundu, akapigilia kipande cha tairi la gari juu yake, kikawa kinainuka maji yanapopita na kujifunga yanapokwisha. Wavuvi wengine walikuja kukitazama, wakacheka, na baadaye nikaona boti nyingine mbili zenye kasha na mpira vilevile, ingawa wenyewe hawakuwa na mkwe wa kumficha.

Mama alitaka kurudi kwake. Aristide akasema atampeleka, na kutoka huko hakurudi tena kukaa Kalemie. Alibaki Zongwe akivua, nyumba yake upande mmoja wa kijiji na ya Mama upande mwingine, na samaki wa Mama wakifika kila siku kwa mkono wa mtu mwingine. Simu kule hupatikana ukipanda mlimani, na yeye hakuwa mtu wa kupanda mlima kwa ajili ya maneno. Alifariki kwa kifua, kiangazi kilichopita. Ignace ndiye aliyenipigia.

Kwa hiyo siku ile ya kuondoka ndiyo ya mwisho niliyonayo ya Aristide. Ziwa lilikuwa tulivu. Ignace alikuwa amekwenda kuvua na watu wengine, na nilipoona tena ni wao wawili tu, nikaingiwa na wasiwasi. Mama alisimama mchangani kando yangu, kuku wake kwapani. Aristide alikuwa amekwisha kuosha miguu yake na kukaa penye mota, uso umeelekea ziwani.

“Ngoja nimtafute muntu wa kwenda nanyi,” nilimwambia, nikisogea majini hadi penye mota. “Nani atasema kati yenu njia yote hiyo?”

Hakugeuka. Alinipa kopo lake kwa nyuma, juu ya bega.

“Muoshe Mama miguu, shemeji, umupandishe,” alisema. “Mengine, kasha litasema.”