Mkufu wa Mama Asiye na Jina

Cheka kama unataka, lakini jambo hili lilinipata mimi mwenyewe, kwetu mtaani Bigo, na macho yangu yalikuwa wazi. Na mimi ndiye niliyelianza. Nilichukua uzi wa mama, nikapima shingo ya mchi, ule mti wa kutwangia sombe, majani ya muhogo, kisha nikamwambia ni shingo ya mtu.

Mama yangu anatunga mikufu ya shanga. Akikupima, anazungusha uzi shingoni, anaweka vidole viwili chini yake ili uweze kumeza chakula, ndipo anakata. Ukiwa na nguo ya kola, anakufanyia mfupi. Ukiwa na nguo ya shingo wazi, anauacha ushuke kifuani. Ukutani kuna msumari wenye mikufu miwili mifupi sana, haiuzwi. Mimi nilikuwa nasema ni ya kuku wa Noeli. Mama hakuwahi kucheka.

Siku hiyo alinituma kupima wamama wa korali ya kanisa, walitaka kuvaa sawa kwa harusi. Nikapima wote, nikarudi, nikaona ule mti umesimama jikoni, mwembamba katikati kama mtu mwenye maringo. Ningefanyaje? Nikaufunga uzi, hata vidole viwili sikuweka, nikaukata na kuuchanganya na nyuzi nyingine.

Mama aliushika ule uzi muda mrefu. Akauliza shingo hii iko ya nani. Nikasema ya mama mmoja mgeni, alikimbia vita ya Djugu.

"Mama nani?"

Hapo nikakwama. Kwetu mwanamke anaitwa kwa mtoto wake. Mama yangu mtaa mzima unamwita kwa jina langu, mimi wa kwanza. Sikupata jina haraka, basi nikasema huyo haitwi mama yeyote, watoto wake wote walikwisha vitani. Nilingoja anishtukie, tucheke. Mama alichagua shanga zake nzuri, zile za buluu, akamtungia huyo kabla ya wote. Ungekuwa weye, ungesema ukweli? Mimi nilienda kucheza mpira.

Jioni moja mama alichelewa kwenye mazoezi ya korali. Kuranti ilikatika, taa zikazimika. Miaka hiyo walisema amani imerudi, lakini giza likiingia Bigo, kila mtu anafunga mlango. Mimi niliuacha wazi, nikimngoja mama.

Mwanamke akaingia bila hodi. Mrefu, mwembamba, amenyooka. Akasema ameambiwa kuna mkufu wake hapa. Nikadhani wamama wa korali wamegundua mchezo wangu, wananilipizia. Nikauchukua ule wa buluu, nikamwomba kwa heshima zote ainame nimfunge. Hakuinama. Nikapanda juu ya kiti. Kucha yangu ikagusa shingo yake. Ko. Unajua mti ukigongwa? Ko. Na harufu ya sombe mbichi. Mkufu ukamkaa sawasawa, hata uzi haungepita chini yake. Niamini, ni ile shingo niliyoipima mimi jikoni.

"Umenipima muzuri," akasema. "Sasa uniambie. Mimi niko mama nani?"

Nikasema sijui. Akasema ni mimi niliyesema watoto wake walikwisha, basi ni mimi ninayejua majina yao. Nikatafuta jina, lolote. Kila nililopata lilikuwa la mtoto ninayemjua, mzima, anayekula. Chumbani Neema, dada yangu mdogo, akakohoa. Mwanamke akageuza kichwa. Mkufu haukucheza.

"Ule anaitwa nani?"

Mimi, ambaye darasa zima wananijua kwa mdomo, niliuziba kwa mikono miwili. Kisha akasema nifikiri vizuri, atarudi. Akatoka.

Mkufu hatukuuona tena. Ule mti umebaki na alama za shanga katikati, zimeuzunguka, hata tukikwangua haziishi. Sombe siku hizi tunanunua sokoni, imeshatwangwa. Na giza likiingia simwiti Neema kwa jina. Namwita "ee weye", ananitukana. Basi na weye unayesoma, ukitaka kudanganya, danganya juu ya kuku, juu ya mwalimu wako. Usimzushe mtu, ukampa msiba, halafu ukamwacha bila jina.

Jioni ile mama alinikuta bado niko juu ya kiti. Nikamwambia yote, nikingoja kofi. Hakunipiga. Aliangalia ule msumari, ile mikufu miwili mifupi, akasema:

"Akirudi, uniamushe. Niko na majina mbili ya watoto wenye hawakukua, yenye hakuna mutu ananiita nayo. Nitamukopesha moja."