Mume Wangu Ameshindwa Kusema "Wangu"

Bwana Mhariri, nakuomba ulifiche jina langu, maana Temeke twajuana.

Wasomaji wenzangu, mie ni mke mwenye umri wa miaka ishirini, nina mtoto mmoja wa kiume. Shule niliishia darasa la nne. Mume wangu ni karani wa Mzungu mmoja anayechunguza mbu wa mitaroni. Kazi yake ni kupiga taipu maandishi ya uchunguzi yanayopelekwa Ulaya. Huko amefundishwa kwamba mtaalamu hasemi "mimi", wala hasemi jambo kwa hakika.

Tabia hiyo akaja nayo nyumbani. Akivunja kikombe, husema, "Kikombe kilivunjika wakati kinaoshwa." Paa likivuja, tumelowa wote, yeye husema, "Yaelekea kuna maji." Mchuzi ukizidi chumvi, husema yafaa uchunguzwe zaidi, kisha anaongeza wali. Nilikuwa nacheka mpaka nashika ubavu.

Sasa sicheki. Kwetu, mtoto akitolewa nje siku ya arobaini, bibi humpakata na kumwuliza baba mbele ya watu, "Huyu wa nani?" Baba hujibu, "Wangu." Basi, jina linatajwa, watu wanakula.

Bibi yangu akauliza. Mume wangu akasimama, akakohoa, akasema, "Kwa yaliyoonekana hadi sasa, hakuna sababu ya kudhani kwamba si wangu."

 Wifi yangu akasema, "Haya, mwenyewe hana hakika, sie tutajuaje?" Wanawake wakacheka. Baba yangu akanishika mkono, akanirudisha kwake na mtoto, jina halijatajwa.

Kesho yake mume wangu akaja.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mtoto wa nani?"

"Baba, kazini kwetu maneno yale ndiyo mazito kuliko yote. Hata yule Bwana Mzungu mwenyewe hathubutu kusema zaidi ya hapo."

"Sijakuuliza ya Bwana. Wa nani?"

 Akaushika mguu wa mtoto, machozi yakamlengalenga. "Anaonekana..." akasema, akakwama. Baba akafunga mlango.

Sasa baba ataka nidai talaka. Majirani wananihesabia miezi vidoleni. Mie sijapata kumjua mwanamume mwingine, Mungu shahidi. Ila siku hizi nikimnyonyesha mwanangu huwaza: je, ni mdomo tu uliozoea maneno ya kazini, au moyoni mna shaka kweli? Hilo ndilo linaloniliza, kuliko kicheko cha watu. Na bado kila jioni nikisikia baiskeli inapita nachungulia, nikidhani ni mume wangu amekuja kulisema neno lile.

Mlioolewa kabla yangu, na nyie akina baba mliowahi kuulizwa mbele ya watu, nishaurini. Nirudi kwake hivyo hivyo, nimlee mwanangu bila neno la baba yake? Au nikubali talaka, na nikikubali, si nitakuwa nimewaambia watu kwamba wifi alisema kweli? Nifanye nini?